Maisha ya Daktari Bob

Mara hii twapenda kuwasimulia habari za mganga mmoja wa Marekani ambaye jina lake huenda mmelisikia nusu tu. Wale walioacha ulevi humwita Daktari Bob, na wengi wao hawalitaji jina la ukoo wake. Jina lake kamili lilikuwa Robert Holbrook Smith. Alizaliwa tarehe 8 Agosti 1879 katika mji mdogo wa St. Johnsbury, jimbo la Vermont, uliokuwa na watu 7000 hivi. Baba yake alikuwa hakimu, na wazazi wote wawili walikuwa watu wa kanisa kwelikweli. Kijana alipelekwa ibadani mara nne au tano kila juma, apende asipende. Matokeo yake ni kwamba aliweka nia moyoni kuwa siku atakapokuwa mtu mzima hataingia kanisani tena ila kwa lazima, na nia hiyo aliishika kwa muda wa miaka 40 karibu. Sisi tuliokuwa walimu na wazazi na tulitazame jambo hilo kidogo kabla ya kuendelea mbele.

Alipokuwa na umri wa miaka tisa aliuona mtungi wa maji ya tufaha yaliyochacha, umefichwa vichakani na wafanya kazi wa shamba. Akaonja, akapendezwa. Baadaye alipokwenda chuo cha Dartmouth, ambako alihitimu mwaka 1902, kunywa kulikuwa ndiyo kazi yake kubwa. Wenzake walilala na kuamka wakiumwa kichwa, naye aliamka mzima kabisa, akajiona ana bahati. Wazee wa kwetu hujua kwamba mtu asiyelewa upesi ndiye wa kuogopewa zaidi, ila yeye hakuwa na mzee wa kumwambia.

Alitaka kuwa mganga. Akaanza masomo huko Michigan, akahamia Chicago, na pombe ikamfuata. Wakati wa mtihani mmoja mikono yake ilitetemeka mno hata hakuweza kushika kalamu, akarudisha karatasi hazina neno. Wakuu wa chuo walimrudisha darasani kwa mihula miwili zaidi kwa sharti la kutogusa kileo. Aliweza, akapata shahada yake mwaka 1910. Akaenda kufanya kazi katika hospitali ya mji wa Akron, jimbo la Ohio, mji wa viwanda vya mpira, na kwa miaka miwili alikuwa na shughuli nyingi hata hakupata nafasi ya kunywa. Kisha akafungua chumba chake mwenyewe cha uganga. Fedha zikapatikana, nafasi ikapatikana, na ulevi ukarudi. Mara kwa mara alijipeleka mwenyewe katika nyumba za kutunza wagonjwa, si chini ya mara 12. Hatimaye baba yake alimtuma mganga wa nyumbani kumchukua, akalala kitandani St. Johnsbury miezi miwili.

Mwaka 1915 alimwoa Anne Ripley, ambaye alikuwa amefahamiana naye miaka 17. Habari za mama huyu zingestahili makala yake peke yake.

Mwaka 1920 serikali ya Marekani ilipiga marufuku vileo nchi nzima. Daktari alifurahi, akidhani kwamba sasa ameokoka. Lakini sheria iliwaruhusu waganga kuandika kileo kama dawa. Basi yeye akafungua kitabu cha simu, akachagua jina la mtu yeyote, akamwandikia mtu huyo chupa ya wiski, kisha akainywa mwenyewe.

Maisha yake ya miaka ile yalikuwa na utaratibu wa kusikitisha. Asubuhi alimeza dawa za kutuliza ili mikono isitetemeke, maana alikuwa mpasuaji. Mchana alijizuia. Jioni alikunywa hata akalala. Kwa hiyo alikuwa mtumwa wa vitu viwili, dawa na pombe, kimoja kikiponya madhara ya kingine. Chupa alizificha katika pipa la makaa, juu ya miimo ya milango, na nyingine ndogo ndani ya soksi. Mkewe na watoto wawili waliishi kwa haya na madeni. Wagonjwa wakapungua. Wenzake hospitalini walijua, au walijua nusu, wakanyamaza.

Hapa yatupasa kukiri jambo letu wenyewe. Katika shule moja tuliyofundisha alikuwako mwenzetu, hodari sana wa hesabu, ambaye asubuhi chaki ilimtetemeka mkononi. Sisi tulimshikia vipindi vyake. Mkaguzi alipokuja tulisema ana homa. Tulijiona wema kwa kufanya hivyo. Tulimzika kabla hajafikia umri wa kustaafu, na katika mazishi hakuna hata mmoja wetu aliyetaja gongo.

Turudi Akron. Mwaka 1933 watu wa uamsho ulioitwa Kundi la Oxford walifika mjini, na mmojawapo wa waliowapokea alikuwa Kasisi Walter Tunks wa kanisa la Mtakatifu Paulo, kanisa la Episkopo ambalo lina ushirika mmoja na letu la Anglikana. Anne alimshawishi mumewe, wakaanza kuhudhuria mikutano. Daktari alisoma vitabu, akasali, akasikiliza kwa muda wa miaka miwili na nusu, naye jioni akaendelea kulewa. Twasema hivi waziwazi kwa sababu wako wakristo wanaodhani kwamba mlevi akiombewa mara moja na asipone basi hana imani.

Mwezi wa Mei 1935 alifika Akron mfanya biashara wa New York, jina lake Bill Wilson, ambaye alikuwa ameacha pombe miezi mitano tu. Shauri lake la biashara lilikuwa limevunjika. Alisimama katika ukumbi wa hoteli, upande mmoja pana baa yenye kelele na upande wa pili pana simu, naye aliogopa nafsi yake. Akaona kwamba ili asinywe lazima apate mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Akachagua jina la kasisi katika orodha ya makanisa ukutani, akapiga simu, na aliyepokea ni Kasisi Tunks. Kasisi hakumwona kuwa mwendawazimu. Alimpa majina 10 hivi ya watu wa kuwauliza, na kwa njia hiyo akapatikana mama mmoja wa Kundi la Oxford, Henrietta Seiberling, aliyemfahamu Daktari Bob.

Mama huyo alitaka wakutane Jumamosi ileile. Haikuwezekana. Kesho yake ilikuwa Siku ya Mama, na daktari alikuwa amerudi nyumbani na chungu cha ua kwa ajili ya mkewe, akakiweka mezani, kisha yeye mwenyewe akaanguka kwa ulevi. Jumapili tarehe 12 Mei, saa 11 jioni, alikwenda akitetemeka, akiwa amemtaka Anne ahakikishe kwamba hawatakaa zaidi ya dakika 15. Alikaa zaidi ya saa sita. Yule mgeni hakumhubiri wala kumkaripia, bali alisimulia ulevi wake mwenyewe, na daktari akamwona ni mtu wa kwanza anayeyajua mambo hayo kwa kuyapitia.

Bill Wilson akakaribishwa kuishi nyumbani kwao. Mwezi uliofuata daktari alikwenda kwenye mkutano wa waganga huko Atlantic City, akaanza kunywa garini, akarudi hajitambui. Na siku ya kupasua mgonjwa ilikuwa imekaribia! Anne na Bill walimwuguza usiku na mchana. Asubuhi ya siku yenyewe Bill alimpa chupa moja ya bia ili mikono itulie, akampeleka hospitali. Upasuaji ulikwenda salama. Lakini saa zikapita na daktari harudi nyumbani, nao wakaogopa. Kumbe alikuwa akizunguka mjini, nyumba kwa nyumba, kwa wale aliowadai subira na wale aliowaficha hali yake, akiwakiri yote na kuahidi kulipa. Alirudi usiku. Siku hiyo, 10 Juni 1935, ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa chama cha Alcoholics Anonymous, na hakuonja tena kileo hata kufa kwake.

Msidhani kwamba hamu ilimtoka mara moja. Ilimsumbua miaka miwili na nusu, karibu kila siku. Dawa yake ilikuwa kumtafuta mlevi mwingine. Wiki chache tu baada ya ile bia, yeye na Bill walikwenda hospitalini kwa mwanasheria aliyekuwa amewapiga wauguzi. Huyo akawa wa tatu, akatoka hospitali, asinywe tena. Mwaka 1937 walipohesabu, walikuwa 40 hivi.

Tangu 1939 alisaidiwa na Sista Ignatia, mtawa wa Kanisa Katoliki katika hospitali ya Mtakatifu Thomas. Hospitali haikupokea walevi, basi mgonjwa wa kwanza aliandikwa kuwa anaumwa tumbo, akalazwa katika chumba cha kupangia maua. Wawili hao waliwahudumia walevi wapata 5000, na daktari hakuwatoza ujira.

Anne alifariki mwaka 1949. Yeye alifuata tarehe 16 Novemba 1950 kwa ugonjwa wa saratani, na aliyemwombea maziko ni Kasisi Tunks yuleyule wa ile simu. Marafiki walikuwa wametaka kumjengea mnara mkubwa, akakataa, akataka azikwe kama watu wengine. Kaburi lao liko Akron, katika makaburi ya Mount Peace, na jiwe lake ni la kawaida tu, bila neno lolote juu ya chama chake.