Henry Louis Le Chatelier

Henry Louis Le Chatelier (Paris, 8 Oktoba 1850 – Miribel-les-Échelles, 17 Septemba 1936) alikuwa mwanakemia na mhandisi kutoka nchi ya Ufaransa. Anajulikana hasa kwa kanuni ya msawazo wa kikemia yenye jina lake. Nchini Tanzania wanafunzi wa sayansi, kwa mfano wale wa Mzumbe na Kilakala mkoani Morogoro, hujifunza kanuni hiyo wanapojiandaa kwa mtihani wa taifa wa kidato cha sita, ambao matokeo yake hufungua mlango wa chuo kikuu.

Maisha

Baba yake, Louis, alikuwa mhandisi wa reli aliyeshiriki pia kuanzisha utengenezaji wa alumini. Henry naye alipita mtihani mkali wa ushindani na kuingia École Polytechnique mwaka 1869, kisha akasoma uhandisi wa migodi. Mwaka 1877 alianza kufundisha kemia katika chuo cha migodi cha Paris. Alitafiti saruji, akaboresha pia upimaji wa joto la tanuri kwa nyaya za platini na rodi.

Kanuni

Mmenyuko unaoweza kwenda mbele na kurudi nyuma hufikia hali ambapo pande zote mbili huendelea kwa kasi sawa. Huo ndio msawazo. Wengi hudhani mmenyuko umesimama, lakini sivyo. Mwaka 1884 Le Chatelier alieleza kwamba halijoto au kanieneo ikibadilishwa, msawazo husogea upande unaopunguza badiliko hilo. Soda ikifunguliwa, kanieneo ndani ya chupa hushuka na gesi hutoka kwenye kinywaji.

Amonia

Nitrojeni na hidrojeni zikiungana kuwa amonia, molekuli nne huwa mbili na joto hutolewa. Kwa hiyo kanieneo kubwa huongeza amonia, ila halijoto kubwa huipunguza. Le Chatelier alijaribu njia hiyo mwaka 1901, lakini hewa iliyokuwemo katika mtambo ilisababisha mlipuko uliokaribia kumuua msaidizi wake, naye akaacha. Mwaka 1909 Mjerumani Fritz Haber alifaulu, akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1918. Uzeeni Le Chatelier alikiri kwamba kuiacha kazi hiyo lilikuwa kosa lake kubwa kuliko yote katika sayansi.

Amonia ya namna hiyo ndiyo inayotengenezea urea, mbolea inayotumiwa na wakulima wa mahindi na mpunga mkoani Morogoro.