Maimonides, mkimbizi aliyefundisha kutoa

Sisi tuko Kamanyola, hapa katika bonde la Ruzizi. Makanisani mwetu kuna waliokimbia vita na kuna waliowapokea, na mara nyingi ni watu walewale: leo unapokea, kesho unakimbia. Ndiyo maana tunawaletea maisha ya mtu wa zamani ambaye alikuwa mkimbizi kabla ya kuwa mwalimu wa kutoa.

Musa mwana wa Maimoni, anayejulikana zaidi kama Maimonides, alizaliwa Cordoba, Hispania, karibu mwaka 1138, katika jamaa ya Kiyahudi. Alipokuwa na miaka kama kumi, watawala wapya walikataa dini ya Wayahudi. Jamaa yake ikatangatanga miaka mingi. Ilikaa Fez huko Moroko, ikafika Nchi Takatifu mwaka 1165, kisha ikatua Fustat, karibu na Kairo.

Mwaka 1168 majeshi ya mfalme Amalric yaliuteka mji wa Bilbeis huko Misri na kuchukua mateka. Maimonides, ambaye naye alikuwa bado mgeni, aliandika barua kwa jumuiya za Wayahudi ili zichange fedha za kuwakomboa.

Baadaye msiba ukaingia nyumbani kwake. Ndugu yake Daudi, mfanyabiashara wa vito aliyelisha nyumba nzima, alizama katika Bahari ya Hindi, bahari ileile inayopiga pwani ya Mombasa na Dar es Salaam. Maimonides alilala kitandani karibu mwaka mzima kwa ugonjwa na huzuni. Alipoinuka, alimtunza mjane wa Daudi pamoja na binti yake, akaishi kwa kazi ya udaktari hadi akahudumu katika jumba la sultani Saladini. Kila siku alirudi nyumbani amechoka na kukuta watu wamejaa wakimngoja, Wayahudi na wasio Wayahudi, naye aliwahudumia hadi usiku. Alifariki mwaka 1204.

Katika kitabu chake kikubwa cha sheria, Mishneh Torah, alipanga ngazi nane za kutoa. Ya chini kabisa ni kutoa huku umekunja uso. Karibu na juu ni kutoa pasipo mtoaji na mpokeaji kujuana. Lakini ya juu kuliko zote ni kumpa mtu mkopo au kazi, au kushirikiana naye katika biashara, ili asimame mwenyewe na asihitaji tena kuomba. Alifundisha pia kwamba hata maskini anayeishi kwa msaada anatakiwa kutoa kidogo. Neno la Kiebrania kwa tendo hilo, tzedakah, ni ndugu wa neno letu sadaka, nalo linatokana na haki. Kwa hiyo anayetoa anatimiza haki, na anayepokea hana sababu ya kuinamisha kichwa.

Mafundisho hayo hayakubaki vitabuni. Ng'ambo ya Ruzizi, katika nchi ya Rwanda, Anne Heyman, Myahudi mzaliwa wa Afrika Kusini, alianzisha kijiji cha vijana cha Agahozo-Shalom, kilichofunguliwa mwaka 2008 kwa ajili ya yatima. Vijana hao hupata makao na masomo, nao hujitolea kuwahudumia majirani. Tunajua mto huu umebeba machungu mengi kati yetu, lakini jema ni jema hata likiwa ng'ambo.

Sasa tujipime. Sisi wachungaji tumezoea kuwaita waliohamishwa na vita mbele ya kusanyiko, wapokee sabuni na unga huku tukiwapiga picha. Bwana Yesu alitufundisha kutoa kwa siri, na bado tumewaaibisha wageni wake. Tunatubu. Tupeleke msaada nyumbani, bila picha. Mwenye shamba amwazime mgeni kipande cha kulima, na kanisa limkopeshe mbegu za mahindi na jembe. Akivuna, arudishe mbegu ili mwingine naye apande. Na mgeni akitaka kutoa kikombe chake cha unga kwa mgonjwa jirani, tusimkataze. Huyo naye ni mtoaji.

Mungu atupe mikono inayoinua. Amina.