Ilmari Kianto
Ilmari Kianto (jina la kuzaliwa: Ilmari Calamnius, Pulkkila, 7 Mei 1874 – Helsinki, 27 Aprili 1970) alikuwa mwandishi na mshairi kutoka nchini Ufini. Shairi lake Nälkämaan laulu (yaani Wimbo wa Nchi ya Njaa) ndilo wimbo wa mkoa wa Kainuu.

Maisha
Alikuwa mtoto wa kasisi wa Kilutheri, akakulia Suomussalmi, mkoani Kainuu. Baadaye alisoma lugha ya Kirusi mjini Moscow. Wakati wa vita kati ya Ufini na Umoja wa Kisovyeti (1939–1940) nyumba yake, Turjanlinna, iliteketea. Alihukumiwa kifungo kwa sababu aliwaachia askari wa Kisovyeti barua nyumbani humo.

Kazi
Kainuu iliitwa nchi ya njaa kwa sababu baridi iliharibu mavuno mara nyingi, hata watu wakachanganya unga na magome ya misonobari. Kianto hakulikwepa jina hilo, bali aliligeuza kuwa fahari ya wenyeji. Oskar Merikanto alilitungia shairi hilo muziki mwaka 1911.

Riwaya yake Punainen viiva (Mstari Mwekundu, 1909) inasimulia familia maskini wakati wa uchaguzi wa bunge wa 1907, wa kwanza nchini ambamo wanawake na maskini walipiga kura. Wanachora mstari mwekundu kwenye karatasi ya kura kwa matumaini makubwa, lakini njaa inawaua watoto wao. Aulis Sallinen aliitungia riwaya hiyo opera, iliyoonyeshwa kwanza mwaka 1978.