Nukta ya Mwanga Katikati ya Kivuli



Wiki iliyopita nilikaa na kompyuta mpaka saa nane usiku. Mradi wangu wa chuo ni programu ya kuiga safari ya mwanga ndani ya faiba, ule uzi wa kioo unaotuletea intaneti. Mwanga ukiwa mkali sana hukibadilisha kioo unachopitia, nacho kioo huubadilisha mwanga. Kwa hiyo unaugawa uzi vipande vidogo vidogo, unapiga hesabu kipande baada ya kipande. Kama kioo hakipotezi mwanga, nishati iliyoingia ndiyo itakayotoka. Yangu ilikuwa inaongezeka! Nikawaza: si nibadilishe tu namba za mwisho, mchoro upendeze? Nani atajua?

Ndipo nikamkumbuka Augustin-Jean Fresnel.

Alizaliwa mwaka 1788 huko Broglie, Ufaransa, akalelewa na wazazi wacha Mungu. Alikuwa dhaifu wa mwili, na akiwa na miaka minane bado alisoma kwa shida. Akawa mhandisi wa barabara. Mwaka 1815 alimpinga Napoleon aliporudi madarakani, akasimamishwa kazi. Basi, akaenda kwa mama yake kijijini Mathieu, akaanza kuchunguza mwanga. Lenzi aliyohitaji hakuwa nayo, akatumia tone la asali.

Wakubwa wengi wa sayansi waliamini mwanga ni chembe. Fresnel akashikilia kwamba ni mawimbi. Alipiga hesabu kwa mkono, majedwali mazima, akazipeleka kwenye shindano la Akademia ya Sayansi ya Paris. Mmoja wa waamuzi, Poisson, alikuwa upande wa chembe. Akazifuata hesabu zile mpaka mwisho, akaonyesha kwamba kama ni za kweli, basi katikati ya kivuli cha kisahani cha duara lazima pawe na nukta ya mwanga. Kwake huo ulikuwa upuuzi mtupu. Mwamuzi mwingine, Arago, akaamua kujaribu. Kumbe nukta ipo! Mwaka 1819 Fresnel akapewa tuzo.

Baadaye alibuni lenzi ya minara ya kuongozea meli, na mwaka 1823 ikawaka katika mnara wa Cordouan. Hakufika uzeeni. Kifua kikuu kilimuua mwaka 1827, akiwa na miaka 39. Siku chache kabla ya hapo, Arago alimpelekea kitandani medali ya Rumford kutoka Uingereza.

Kanisa halijamtangaza mtakatifu, lakini usiku ule alinifundisha. Nukta ile hakuwa ameitaja yeye. Ilitoka kwenye hesabu zake kwa mkono wa mpinzani. Kama angekuwa amepika namba, pale pale angeumbuka. Kazi ya kweli hata anayeipinga huishuhudia.

Asubuhi nikamweleza mwalimu wangu ukweli. Alama nimepunguziwa, na kosa bado nalitafuta. Ila nililala usingizi, yaani usingizi hasa.

Wewe je, kijana mwenzangu? Ni namba gani unataka kuipika: matokeo, risiti, au hesabu ya michango ya kwaya? Leo kabla ya kulala, ichunguze dhamiri yako.

Ee Yesu, Mwanga wa kweli, utupe ujasiri wa kusema ukweli hata unapotugharimu. Amina.