Daktari Kirk na Ua Lisilochoka

Pwani ya Cabo Delgado, kutoka Mucojo kwenda kaskazini hadi mlango wa mto Ruvuma, sisi askari twaijua zaidi kwa habari za vita kuliko za maua. Walakini katika karne ya 19 alipita pande hizo daktari mmoja ambaye moyo wake ulikuwa kwenye mimea. Ndiye John Kirk.

Alizaliwa Uskoti tarehe 19 Desemba 1832, akasomea utabibu Edinburgh, kisha akawatibu askari wa vita vya Crimea katika hospitali ya Renkioi, Uturuki. Mwaka 1858 alifuatana na Livingstone kwenda Zambezi, akiwa tabibu na mtaalamu wa mimea. Mwaka 1860, katika maporomoko ya Kebrabasa, mtumbwi wake ulipinduka. Kirk alinusurika kwa shida. Maandishi na michoro yake ya mimea vikachukuliwa na maji. Alianza upya, na mwaka 1862 alikuwamo katika mashua zilizopanda mto Ruvuma.

Mwaka 1866 alihamia Unguja, na hatimaye akawa mwakilishi mkuu wa Uingereza. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kulifunga soko la watumwa. Hakutia kwa hiari, kwani alikwisha kuonywa kwamba manowari za Kiingereza zingekizingira kisiwa. Twafurahi kwamba soko lile lilifungwa. Hata hivyo mkono uleule ndio ulioitengenezea njia himaya ya Uingereza ya mwaka 1890.

Huko Mbweni, kusini ya mji, Kirk alikuwa na bustani ya majaribio. Kutoka Unguja alipeleka kwenye bustani ya Kew, London, mmea mdogo wenye shina la majimaji na maua mekundu. Mwaka 1882 mtaalamu Hooker aliupa jina la Impatiens sultani kwa heshima ya Sultani. Baadaye ilitambulikana kuwa mmea huo ndio ulioitwa Impatiens walleriana mwaka 1868, kwa heshima ya mmisionari Horace Waller. Kwa kuwa sheria ya wataalamu hulipa haki jina lililotangulia, Sultani akapoteza ua lake. Wenyeji wenye misitu hawakukumbukwa katika majina yote mawili!

Ndugu yetu anayepamba kota yake kwa waridi ajua taabu zake: kupogoa, miiba, na madoa meusi yanayopukutisha majani penye unyevu mwingi wa pwani. Ua la Kirk halidai hayo. Kata pingili moja, iweke katika gilasi ya maji, na baada ya siku chache itatoa mizizi. Ipande kivulini, chini ya mwembe au ubavuni mwa nyumba, penye udongo wenye samadi kidogo. Dai lake ni maji tu. Likikosa hunyauka kama lililokufa; ukilinywesha mapema husimama tena, hata wewe uliyerudi umechoka kutoka lindoni ukashangaa. Mbegu zikikomaa, vitumba vyake hupasuka vikiguswa, nazo huruka na kujiotea zenyewe.

Kirk aliondoka Unguja mwaka 1886. Alifariki Sevenoaks, Uingereza, tarehe 15 Januari 1922, akiwa na umri wa miaka 89.