Pierre Mendès France: Waziri Mkuu Aliyekunywa Maziwa Katika Nchi ya Divai

Katika wakuu wa serikali waliopata kuitawala Ufaransa katika karne ya 20, wako waliokaa madarakani miaka mingi na leo hawakumbukwi na mtu. Pierre Mendès France alikaa miezi saba na nusu tu, naye angali akitajwa. Leo tumeona yafaa tuwasimulie askari wetu wa jeshi na wa polisi maisha ya bwana huyu. Kwanza, yeye mwenyewe alikuwa askari, tena aliyepata kufungwa. Pili, alithubutu kuigusa glasi ya Mfaransa, jambo ambalo huko ni la hatari kuliko kuligusa jeshi.

Alizaliwa Paris tarehe 11 Januari 1907, katika ukoo wa Kiyahudi ambao asili yake ni Ureno. Baba yake alikuwa mfanya biashara ya nguo. Kijana huyo alisoma sheria, akawa wakili akiwa bado mdogo sana. Mwaka 1932, akiwa na umri wa miaka 25, alichaguliwa mbunge wa jimbo la Eure, katika nchi ya Normandy, akawa mdogo kuliko wabunge wote. Mwaka 1935 akawa Meya wa mji wa Louviers, na mwaka 1938 akawa naibu waziri wa fedha katika serikali ya Léon Blum. Wasomaji na walikumbuke jimbo hilo la Eure, kwani ni nchi ya ng'ombe wa maziwa na ya miti ya matofaa, na matofaa hayo ndiyo yapikwayo pombe kali sana iitwayo Calvados.

Vita vilipoanza mwaka 1939, alikuwa na ruhusa ya kukaa bungeni, lakini alijiunga na jeshi la anga, akapelekwa Mashariki ya Kati. Ufaransa ilipovunjika mwezi wa Juni 1940, yeye pamoja na wabunge wengine walipanda meli iitwayo Massilia kwenda Morocco, wakidhani vita vitaendelezwa kutoka Afrika. Serikali mpya ya Marshal Pétain iliyokubali kushindwa ikamkamata huko na kumshtaki kwa kosa la utoro jeshini. Mei 1941, mahakama ya kijeshi ya Clermont-Ferrand ikamhukumu kifungo cha miaka 6. Askari msomao mnajua uchungu wa shitaka hilo kwa mtu aliyekuwa akiutafuta uwanja wa vita, si kuukimbia.

Usiku wa tarehe 21 Juni 1941 alitoroka. Alikuwa amehamishiwa katika hospitali ya jeshi, akaupanda ukuta, na alipofika juu akakuta chini yake, penye mti, kijana mmoja akimbembeleza msichana. Msichana hakubali, na kijana hachoki. Mfungwa akabaki amejilaza juu ya ukuta, doria ikiweza kupita wakati wo wote, akingoja wapendanao wamalize mashauri yao. Baadaye yeye mwenyewe alisimulia kwamba msichana alipokubali mwishowe, yeye alifurahi kuliko hata kijana yule. Hatimaye wakaondoka, naye akashuka. Mwaka 1942 alifika Uingereza, akajiunga na kikosi cha anga cha Wafaransa Huru kiitwacho Lorraine, akawa mwongoza njia katika ndege za kudondosha mabomu, hata Jenerali de Gaulle alipomwita Algiers mwishoni mwa mwaka 1943 ashughulikie fedha. Mwaka 1945 alijiuzulu uwaziri kwa sababu mashauri yake makali juu ya fedha hayakufuatwa. Ndivyo alivyokuwa: kama hakubaliani, aondoka.

Alirudi juu kwa sababu ya maafa. Tarehe 7 Mei 1954 ngome ya Dien Bien Phu katika Vietnam ilianguka, na zaidi ya askari 10,000 wa upande wa Ufaransa wakachukuliwa mateka. Yatupasa kukumbuka kwamba wengi waliopigana vita ile si Wafaransa wa Paris, bali askari wa mshahara, wageni wa Legion, Waarabu wa Afrika ya Kaskazini, na Waafrika weusi. Vijana wa Ufaransa walioandikishwa kwa sheria hawakupelekwa. Mendès France akasimama bungeni mwezi wa Juni na kuahidi kwamba asipoleta amani kabla ya tarehe 20 Julai, atajiuzulu. Bunge likampa kura 419 dhidi ya 47. Akatangaza pia kwamba akishindwa, neno lake la mwisho litakuwa kuomba vijana wa kuandikishwa wapelekwe vitani. Mapatano ya Geneva yakafikiwa usiku wa tarehe 20 kuamkia 21 Julai. Siku kumi baadaye alikwenda Tunisia kuwatangazia watu wake kujitawala kwa mambo ya ndani.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyegeuka kuitazama chupa.

Ili tuelewe ukubwa wa jambo hilo, yafaa tueleze desturi yenyewe. Mfaransa kabla ya chakula cha jioni hunywa kinywaji kidogo kiitwacho aperitifu, maana yake kifungua tumbo. Huenda kikawa divai iliyotiwa kwinini, au pombe ya bizari tamu iitwayo pastis, ambayo hugeuka nyeupe ikitiwa maji. Watu huketi, huleta zeituni na karanga, huzungumza. Kulewa si shabaha yake. Kwao mlevi wa barabarani ni aibu, na tangu mwaka 1873 wana sheria ya kumwadhibu, ambayo hubandikwa ukutani katika vilabu vyao. Lakini kuikataa glasi nako kulikuwa ni kama kuukataa mkono wa mwenyeji. Kwa Mwislamu kileo ni haramu tangu tone la kwanza. Kwa wazee wetu, mtungi na mirija hutolewa baada ya kazi au katika sherehe, na watu hunywa pamoja mpaka uishe. Mfaransa wa wakati ule yeye alikuwa akinywa kidogo, ila akinywa kila siku, mchana na jioni, kisha akijiona kuwa si mlevi. Nasi twaona kwamba hapo ndipo penye mtego.

Tena majeshi yana mkono wao katika jambo hili. Askari wa Ufaransa walioiteka Algeria tangu mwaka 1830 walipewa absinti, pombe ya kijani yenye majani machungu, wakiaminishwa kuwa yazuia homa. Waliporudi kwao waliirudisha kiu hiyo mijini, hata serikali ikaipiga marufuku mwaka 1915. Katika mwaka 1914 askari alikuwa akipewa robo lita ya divai kwa siku. Mwaka 1916 ikawa nusu lita. Mwaka 1918 robo tatu. Kizazi kizima cha wanaume kilifundishwa kambini kunywa kwa posho ya serikali.

Alipoingia madarakani Mendès France alikuta Wafaransa wanakunywa zaidi ya lita 20 za alkoholi halisi kwa mtu mzima kwa mwaka. Hata watoto wa shule waliweza kupewa divai iliyochanganywa na maji. Alikuta serikali yenyewe ikinunua, kwa bei ya juu, pombe iliyopikwa kwa viazi vya kutengenezea sukari, pombe isiyohitajiwa na mtu. Na alikuta wakulima zaidi ya milioni mbili wenye haki ya kupika pombe kali ya matunda yao bila kulipa kodi. Wasomaji wetu wa polisi waliopata kuvamia mapipa ya waragi porini na wafikiri: huko mpikaji alikuwa na sheria upande wake, na mbunge wake mfukoni.

Mwezi wa Novemba 1954 akaunda Kamati Kuu ya kuchunguza ulevi, akatoa amri za kuipunguza haki ile ya wapikaji. Viazi akataka vigeuzwe sukari. Watoto wa shule wakaagiziwa glasi ya maziwa yenye sukari; kwa tendo hilo moja alisaidia afya ya mtoto, akapunguza maziwa na sukari vilivyojaa maghalani. Yeye mwenyewe akanywa maziwa hadharani, katika karamu za kiserikali na hata ziarani Marekani, mbele ya wapiga picha. Si kwamba alikuwa adui wa divai. Mbio zake zilikuwa juu ya ulevi na fedha zinazouneemesha. Lakini picha ikashinda maelezo. Katika Bunge lile lile aliketi padri Kir, Meya wa Dijon, ambaye aliwakaribisha wageni kwa divai nyeupe iliyotiwa pombe tamu ya matunda meusi, hata kinywaji hicho kikaitwa kwa jina lake. Kwa Wafaransa wengi padri mwenye glasi alikuwa mwenzao, na Waziri Mkuu mwenye maziwa alikuwa mgeni.

Neno hilo la mgeni halikuwa la mzaha. Pierre Poujade, kiongozi wa wenye maduka madogo, pamoja na wafuasi wake, waliyageuza maziwa kuwa tusi juu ya Uyahudi wake, wakidai kwamba asiyekunywa divai hana damu ya Kifaransa. Hayo aliambiwa mtu aliyerusha mabomu kwa ajili ya Ufaransa wakati wengi waliomtukana walikuwa wamekaa kimya. Huko Eure nako, wapikaji wa Calvados walikuwa ndio wapiga kura wake, naye aliwagusa akijua.

Aliangushwa tarehe 5 Februari 1955, kwa kura 319 dhidi ya 273, juu ya mambo ya Afrika ya Kaskazini. Hatuwezi kumficha: vita vya ukombozi wa Algeria vilipoanza tarehe 1 Novemba 1954, aliyeleta amani Vietnam alipeleka majeshi, akashikilia kwamba Algeria ni Ufaransa. Baadaye moyo wake ulibadilika, na mwezi wa Mei 1956 alijiuzulu uwaziri katika serikali ya Guy Mollet kwa sababu ya Algeria hiyo hiyo. Mwaka huo, divai ilikatazwa shuleni kwa watoto wa chini ya miaka 14. Mwaka 1960 ikaamriwa kwamba haki ya kupika pombe isirithiwe na watoto. Unywaji wa Wafaransa siku hizi umeshuka hata nusu ya ule wa zamani.

Mwaka 1958 watu wa Eure walimnyima kura. Alirudi bungeni kwa mwaka mmoja tu, 1967 hadi 1968, kwa kura za Grenoble. Mei 1981, François Mitterrand alipoapishwa kuwa Rais, alimkumbatia mzee huyo mbele ya watu wote, naye mzee akalia. Alikufa Paris tarehe 18 Oktoba 1982, akiwa mezani pake akifanya kazi, mwenye umri wa miaka 75.