Almeida: Sura yake iko Lisbon, moto wake uliwaka Mombasa

KATIKA Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale jijini Lisbon, Ureno, imo picha ya rangi ya mzee mwenye ndevu ndefu na kofia, aliyetulia kama mtu aliyezoea kutiiwa. Huyo ni Francisco de Almeida, aliyeiteketeza Mombasa mnamo Agosti 1505.

Almeida alizaliwa Lisbon yapata mwaka 1450 katika ukoo wa makabaila wa Abrantes. Alijipatia sifa katika vita vya Granada, ngome ya mwisho ya utawala wa Waislamu nchini Uhispania, iliyoanguka 1492.

Machi 25, 1505, aling'oa nanga Lisbon akiwa na merikebu zaidi ya 20 na askari wapatao 1,500. Mfalme Manuel wa Kwanza alikuwa amemteua kuwa makamu wake wa kwanza huko India.

Julai aliitwaa Kilwa na kumtawaza Muhammad Ankoni. Kisha akageukia Mombasa.

Wenyeji hawakusalimu amri. Walimpokea kwa mizinga, kisha kwa mishale na mawe yaliyoporomoshwa kutoka darini. Lakini Wareno walizitia moto nyumba za makuti, mji ukatekwa na kuporwa. Taarifa ya Wareno wenyewe yasema wenyeji zaidi ya 1,500 waliuawa.

Kule Mbaraki, kusini magharibi mwa kisiwa, kando ya mnara maarufu uliojengwa yapata 1700, wanaakiolojia walifukua mabaki ya msikiti wa karne ya 15. Ni miongoni mwa alama chache za Mombasa aliyoikuta Almeida.

Vita havikumwacha salama. Mwaka 1508 mwanawe, Lourenço, aliuawa huko Chaul, India. Almeida alilipiza kisasi Februari 3, 1509 katika vita vya Diu, alipozishinda merikebu za Misri na Gujarat.

Alikawia kumkabidhi Afonso de Albuquerque madaraka hadi Novemba mwaka huo. Akiwa njiani kurejea kwao, Machi 1, 1510, Wakhoikhoi walimuua karibu na Rasi ya Tumaini Jema, pamoja na watu wake zaidi ya 50.

Ndipo picha ile yastahili kutazamwa upya. Ilichorwa baada ya 1545, zama ambazo Gavana João de Castro aliagiza huko Goa picha za watangulizi wake. Almeida alikuwa amekufa zaidi ya miaka 30, hivyo hakuketi mbele ya mchoraji. Kilichochorwa ni cheo chake zaidi ya uso wake. Moto wa Mombasa haumo.

Mfalme wa Mombasa hakuachiwa picha. Aliporejea katika magofu ya mji wake, alimwandikia mwenzake wa Malindi kumweleza maafa aliyoyakuta. Habari za barua hiyo zimetufikia kupitia maandishi ya upande uleule uliomshinda.